HAKI YA MTOTO MDOGO NA WAJIBU WETU: MFANO WA KOJANI, PEMBA



Tumeombwa na waandaaji wa semina hii tuzungumze juu ya haki ya mtoto ambaye bado hajafikia umri wa kuanza darasa la kwanza. Tumelikubali jambo hili kwa furaha. Hatutaanza, hata hivyo, na hati za haki za binadamu, ambazo wengi wenu mmekwisha kuzisoma na wengine kuzifundisha. Tutaanza na mahali, kwa sababu haki isiyokuwa na mahali ni rahisi mno kuipigia makofi. Mahali tulipochagua ni Kojani.

Kojani ni kisiwa kidogo upande wa mashariki wa Pemba, katika Wilaya ya Wete, Mkoa wa Kaskazini Pemba. Kimetengwa na kisiwa kikubwa na mkono mwembamba wa bahari, na watu huuvuka kwa vyombo vidogo kwenda Kangagani na kwingineko. Ardhi ni haba na watu ni wengi, basi nyumba zimebanana kiasi kwamba mgeni huona ajabu. Wenye kulima hulima ng'ambo. Lakini jina la Kojani ni kubwa kuliko kisiwa chenyewe, kwa maana wavuvi wake wanajulikana katika pwani yote ya Waswahili, upande wa Kenya, Tanga, Mafia na kusini zaidi. Huko huenda dago: hupiga kambi ufukweni, huvua kwa kufuata pepo na bamvua, na huweza kukaa wiki nyingi au miezi kabla ya kurejea nyumbani. Hii si tabia ya juzi wala jana. Ni maarifa ya vizazi, na bila maarifa hayo kisiwa kile kisingeweza kulisha watu wake.

Tuangalie sasa nani hubaki. Hubaki mama, na bibi, na dada mkubwa ambaye mara nyingi mwenyewe ni mtoto wa miaka tisa au kumi. Mama ana kuni, ana maji, ana shamba la ng'ambo, ana kidogo cha kuuza. Katika mwambao wa mashariki wa Pemba wako pia wanawake wanaolima mwani, kilimo kilichoanza Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwani haungoji: maji yakitoka, lazima mtu awe chini kwenye mchanga, saa yoyote iwayo. Kwa hiyo mtoto wa miaka miwili huachiwa dada yake, na dada yake siku hiyo haendi skuli. (Tunasema skuli, kama wasemavyo wenyewe Zanzibar. Ndugu zetu wa Bara watuwie radhi.) Hapo mmekwisha kuona kwamba kukosekana kwa mahali pa kumlea mdogo ni kukosekana kwa elimu ya mkubwa. Watoto wawili hudhulumiwa kwa pengo moja.

Tumewahi kusikia ikisemwa, na pengine hata katika vikao vyetu, kwamba watu wa namna hii hawapendi elimu. Hatukubaliani na usemi huo hata kidogo. Mtoto wa kiume wa mvuvi akichukuliwa dago na baba yake, anapelekwa chuoni, ila chuo chake ni cha bahari: anajifunza nyavu, mikondo, nyota, na bei ya samaki. Kasoro iko hapa, kwamba kalenda ya skuli ilipangwa na watu ambao maisha yao hayategemei kaskazi wala kusi, kisha yule ambaye kalenda haikumfaa akaitwa mtoro. Mtu asiyepewa kitu kinachomfaa hawezi kuambiwa amekikataa.

Umaskini nao tuutaje kwa hesabu zake. Uchunguzi wa mapato na matumizi ya kaya wa Zanzibar wa mwaka 2019/20 uliona kuwa asilimia 25.7 ya watu walikuwa chini ya mstari wa mahitaji ya msingi, na kwamba Pemba ilizidi Unguja kwa umaskini kwa kiasi kikubwa. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu zaidi ya 270,000 katika Mkoa wa Kaskazini Pemba peke yake. Na kwa Tanzania yote, utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kudumaa si ufupi tu. Ubongo wa mtoto hujengwa kwa kasi kubwa tangu tumboni mwa mama hadi mwaka wa pili au wa tatu, na kilichokosekana wakati huo hulipwa kwa shida sana baadaye, na mara nyingine hakilipwi kabisa.

Kuhusu jambo hili Pemba ina habari yake ambayo yafaa kila kiongozi wa walei aifahamu. Watoto wengi wa kisiwa hicho walikuwa na upungufu wa damu kutokana na malaria, safura na chakula kisichotosha. Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Pemba kwa watoto 614 wenye umri kati ya miezi 6 na 59. Waliopewa dawa ya madini ya chuma waliendelea vizuri zaidi katika kusema, na wale waliokuwa na upungufu mkubwa wa damu waliendelea vizuri pia katika kutembea na kutumia viungo vyao. Zingatieni: mtoto aliyekuwa akidhaniwa mzito wa ulimi, au mvivu, kumbe alikuwa na damu haba.

Hadithi haikuishia hapo. Mwaka 2002 ulianza Pemba uchunguzi mwingine mkubwa zaidi, wa watoto zaidi ya 24,000, ambao madini hayo walipewa kila siku bila kwanza kupimwa nani anayahitaji. Mwaka 2003 ikabidi utoaji wa madini ya chuma usimamishwe, kwa kuwa waliopewa walizidi wenzao kwa maradhi makali na kwa vifo, katika mazingira yale yenye malaria nyingi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006, na yalionyesha pia kuwa watoto waliokuwa kweli na upungufu wa madini hayo walifaidika. Shirika la Afya Duniani likayabadilisha maelekezo yake kwa nchi zenye malaria. Watoto wa Pemba, basi, waliifundisha dunia jambo ambalo sisi tunaopenda kugawa misaada kwa wingi twalisahau upesi: kitu chema kikitolewa kwa mtu asiyejulikana hali yake chaweza kumdhuru. Hatuna budi kumjua mtoto kwanza. Na mtoto mdogo hajulikani ofisini. Hujulikana nyumbani kwake, na mtu ambaye amezoeleka mlangoni.

Twende sasa kwenye huduma zenyewe. Pwani yetu haikungoja wataalamu wa nje ili ijue kuwakusanya watoto wadogo. Chuo cha Kurani kimekuwako karne nyingi, kimemfundisha mtoto adabu, usikivu na herufi, na kimefanya hivyo karibu na nyumbani na kwa gharama ambayo mzazi maskini aliiweza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, viongozi wa Kiislamu wa pwani ya Kenya waliona kwamba watoto wao wanabaki nyuma mashuleni, wakamwomba Aga Khan awasaidie. Ungedhani jibu lingekuwa majengo mapya. Badala yake, kazi ilianzia ndani ya madrasa zilizokuwako Mombasa, katikati ya miaka hiyo ya 1980, chini ya uongozi wa mwalimu mmoja mwanamke, Bi Swafiya Said. Mwaka 1990 mpango huo uliingia Zanzibar, na mwaka 1993 Uganda.

Yafaa tukae kidogo hapa, kwa sababu namna walivyofanya ina mafunzo kuliko idadi ya skuli walizofungua, ingawaje hizo nazo zilipita 200 katika nchi hizo tatu. Kwanza, hawakuingia kijijini mpaka kijiji kimewaita na kimekubaliana nao nani atafanya nini. Kijiji kilitoa mahali, kiliunda kamati, nacho kiliwachagua wanawake wa hapo hapo ili wafundishwe ualimu. Pili, walichukua njia ya ufundishaji iliyokuwa imejaribiwa Marekani tangu miaka ya 1960 kwa watoto wa familia maskini katika mji wa Ypsilanti, ambamo mtoto hupanga mwenyewe mchezo wake, huufanya, kisha hueleza alichofanya. Wakaichanganya na mafundisho ya dini, nyimbo na hadithi za Kiswahili. Tatu, vifaa vya kuchezea vilitoka ufukweni na jikoni: vifuu, makombe, makuti, vizibo vya chupa, vitambaa. Mtoto alijifunza kuhesabu kwa kitu ambacho kesho yake angekikuta nyumbani, na mama akajua kuwa kuchezea makombe si kupoteza wakati.

Matokeo yalipimwa. Watafiti waliwalinganisha watoto wa skuli hizo na watoto wa skuli nyingine za maandalizi na waliobaki nyumbani, katika Kenya, Zanzibar na Uganda, na mwaka 2008 wakachapisha kwamba waliokwenda skuli yoyote ya maandalizi waliwapita waliobaki nyumbani katika maendeleo ya akili, na waliokwenda katika zile za madrasa waliwapita wote.

Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar nayo ilichukua hatua ambayo nchi nyingi za Afrika hazijaichukua. Elimu bila malipo ilikuwa imetangazwa tangu tarehe 23 Septemba 1964. Sera ya elimu ya mwaka 2006 iliongeza kwamba miaka miwili ya maandalizi ni sehemu ya elimu ya msingi ya lazima. Mwaka huo huo ulianza mpango wa masomo ya redioni, Tucheze Tujifunze, ambapo watoto wa vijiji visivyokuwa na skuli ya maandalizi walikusanyika barazani au chini ya mti, pamoja na mlezi wa kijiji, na redio ikawaongoza katika nyimbo, hesabu na michezo. Twaupenda mpango ule kwa unyenyekevu wake. Mwaka 2011 Baraza la Wawakilishi likapitisha Sheria ya Mtoto. Kwa upande wa Bara, mwaka 2021 ulizinduliwa mpango wa taifa wa malezi, makuzi na maendeleo ya awali, unaounganisha afya, lishe, ulinzi na ujifunzaji wa mtoto. Na mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF, unaofika Unguja na Pemba pia, hutoa ruzuku kwa kaya na huzitaka zimpeleke mtoto mdogo kliniki.

Mtu aweza kuuliza: basi kama sera ziko, sheria ziko, na mfano mwema uko, tatizo ni nini?

Tatizo ni nani hulipa, na nani hufikiwa.

Tuanze na malipo. Skuli ya kijiji husimama kwa mchango wa wazazi, na mchango wa mzazi wa kisiwa cha wavuvi husimama kwa samaki. Pepo zikichafuka, nyavu hukaa juu, na mwalimu hapati kitu. Mwalimu huyo ni mwanamke wa hapo hapo, mwenye watoto wake, aliyefundishwa vizuri kiasi kwamba skuli ya mjini ikimwona humchukua. Tumezoea kumwita mwalimu wa kujitolea, na neno hilo lasikika vizuri katika taarifa zetu. Lakini kujitolea ni kwa yule mwenye akiba ya kutoa. Kumtaka mwanamke maskini afundishe watoto wa maskini wenzake bila ujira, mwaka hata mwaka, huku mwalimu wa darasa la kwanza wa mtaa huo huo analipwa na serikali, ni kuwatoza maskini kodi ambayo matajiri hawatozwi. Hili twalisema waziwazi kwa kuwa Kanisa nalo limelifanya, na katika chekechea zetu nyingi bado linafanyika.

Kuhusu nani hufikiwa, tujifunze kutoka mbali kidogo. Mwaka 1999 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango ulioitwa Sure Start katika mitaa yake maskini zaidi: mahali pamoja ambapo mzazi wa mtoto mdogo angepata mkunga, ushauri wa malezi, michezo ya watoto, na msaada wa kutafuta kazi. Uchunguzi wa kwanza, uliotolewa mwaka 2005, ulileta habari ya kuhuzunisha. Familia maskini zenye unafuu kidogo zilifaidika, bali wale waliokuwa chini kabisa, mathalan akina mama walio wasichana wadogo na wale wanaolea peke yao, walionekana hata kuwa na hali mbaya kidogo kuliko wenzao wa mitaa isiyokuwa na mpango huo. Sababu moja iliyofikiriwa ni kwamba wenye ujasiri wa kuingia mlangoni walizijaza nafasi, na mwenye haya akabaki nje. Kazi ikarekebishwa, vituo vikaongezwa mpaka vikapita 3,500 mwaka 2010, na uchunguzi wa baadaye ulikuwa mzuri zaidi. Kisha fedha zikapunguzwa na vituo vingi vikafungwa. Mwaka 2024 ndipo wataalamu wa uchumi wa huko walipotangaza kwamba watoto waliokuwa wakiishi karibu na vituo vya mwanzo walifanya vizuri zaidi katika mitihani yao ya umri wa miaka 16, na maskini ndio waliofaidika kupita wote. Matunda yalionekana baada ya aliyeupanda mti kuwa amekwisha kuukata.

Katika Kojani, mwenye haya ni nani? Ni mama kijana ambaye mume yuko dago na hana habari zake mwezi wa pili sasa. Ni bibi anayelea wajukuu wa binti aliyeachika. Ni mama wa mtoto mlemavu, anayemficha kwa kuogopa maneno. Ni familia iliyofuata dago nzima nzima, mke na watoto, na sasa inakaa kibandani kwenye ufuko wa wilaya nyingine, ambako sheha hawajui na kliniki haina kadi yao. Hawa hawatakuja kituoni kwa tangazo. Mtu atakwenda kwao, tena atakwenda mara ya tatu na ya nne, mpaka apewe kigoda cha kukalia.

Sasa tunafika kwetu sisi. Kojani ni kisiwa cha Waislamu, na Wakristo wa Pemba nzima ni wachache. Pengine wako miongoni mwenu wanaojiuliza tangu mwanzo, Tume hii ya Kanisa inatafuta nini huko. Jibu letu ni kwamba Tume haikuundwa ili kuhesabu haki za waamini wetu peke yao. Lakini jibu hilo lina masharti yake. Hatupendekezi parokia yoyote ikafungue chekechea Kojani. Huko kuna chuo tayari, kuna mwalimu tayari, kuna wazee wenye dhamana ya watoto wao, na shule yenye msalaba mlangoni ingemfanya mama maskini achague kati ya malezi ya mtoto wake na amani na majirani zake. Kumwekea mtu uchaguzi huo si msaada. Lililo letu ni kusimama pamoja na ndugu zetu Waislamu mbele ya wenye mamlaka, tukidai walichokwisha kuahidiwa.

Na wako watu wa dago karibu nasi. Ninyi mnaotoka parokia za pwani ya Tanga, Bagamoyo na Mafia mnazijua kambi hizo. Wengine mnanunua samaki hapo kila wiki. Tunawaomba, mkirudi, mwulize jambo moja rahisi: watoto walioko kambini wanapimwa uzito wapi? Kama jibu ni hakuna mahali, basi mhudumu wa afya wa kijiji hana budi kuelezwa, na ikibidi diwani naye aelezwe, na mtu wa Jumuiya iliyo karibu afuatane na mama huyo mara ya kwanza, kwa sababu mgeni hapendi kusimama peke yake kwenye foleni ya watu asiowajua.

Juu ya chekechea zetu wenyewe tutasema kwa ufupi, maana tutalichukua tena mchana. Shule zetu nyingi za watoto wadogo ziko mjini, zina ada, zina sare, na zinasifiwa kwa kuwa mtoto wa miaka mitatu anarudi na daftari lililojaa maandishi. Tumeziona nzuri kwa kuwa zinajaa. Lakini nani amezijaza? Tukitazama orodha ya watoto, tutawaona wa waajiriwa na wa wafanyabiashara, na watoto wa mama lishe, wa wapasua kokoto na wa wavuvi hatutawaona. Na lile daftari lenyewe, kwa maoni yetu, ni la kumfurahisha mzazi zaidi kuliko kumjenga mtoto. Wale wa madrasa na vifuu vyao wameonyesha njia iliyo bora.

Tume inaleta kwenu mapendekezo mawili ya kujadiliwa kabla ya jioni. La kwanza ni kwamba kila chekechea ya parokia iweke nafasi zisizolipiwa ada kwa watoto ambao Jumuiya Ndogo Ndogo zitawataja, bila kujali dini, na kwamba mwalimu wake alipwe mshahara unaoandikwa na kulipwa kila mwezi, hata kama itabidi ujenzi wa ukuta ungoje. La pili ni barua kwa wizara zinazohusika, kuomba kwamba mahali elimu ya maandalizi ni ya lazima kisheria, mwalimu wake asiachiwe kulipwa na wavuvi. Rasimu ya barua hiyo iko mezani kwa katibu. Tungependa isainiwe na mashekhe pia, na tayari tumewaomba wenzetu wa upande huo wakae nasi waisome kabla haijapelekwa popote. Wakiona pana maneno ya kubadilishwa, tutayabadilisha.